Kwale na Mkinga: Fedha za Zahanati Zipitie Wapi, na Muuguzi Awe Mtumishi wa Nani?

Mpaka wa Kenya na Tanzania kati ya Lunga Lunga na Horohoro unapita katikati ya watu wa lugha moja na mara nyingi wa ukoo mmoja. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, wanaoana na kuzikana, na mjamzito wa upande mmoja anaposimulia safari yake ya kliniki, mwenzake wa upande wa pili humwelewa bila kufasiriwa. Zahanati nazo zinafanana kwa sura: nyumba ya vyumba vichache, jokofu la chanjo, mizani ya kupimia watoto, na muuguzi mmoja au wawili ambao ndio wakunga, ndio watoa dawa na ndio waandishi wa taarifa za kila mwezi. Kinachotofautiana hakionekani kwa macho. Muuguzi wa Kwale, upande wa Kenya, ameajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, naye hulipwa kutoka katika fedha zilizopitishwa na bunge la kaunti. Muuguzi wa Mkinga, wilaya ya mkoa wa Tanga nchini Tanzania, ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya, lakini kibali cha kumwajiri kilitoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na mshahara wake hutoka Hazina hadi katika akaunti yake ya benki.

Nauandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua, au anayeitwa kutoa maoni kabla wengine hawajachagua: mjumbe wa bunge la kaunti, diwani, mjumbe wa kamati ya kituo, mwananchi aliyefika katika kikao cha bajeti, na hata mhitimu wa uuguzi anayejiuliza atafute kazi wapi. Nchini Kenya vyama vya wahudumu wa afya, hasa cha madaktari, vimedai kwa miaka mingi iundwe tume ya kitaifa ya kuwaajiri, kama ile ya walimu. Nchini Tanzania nako wapo wanaotaka halmashauri ziachiwe ziajiri zenyewe. Kila upande unatamani kilicho kwa jirani. Nadhani hilo linatokana na swali kuulizwa kwa jumla mno, kwamba afya iwe ya serikali kuu au iwe ya wenyeji. Ukilivunja swali hilo utapata maswali manne: fedha za uendeshaji zipitie wapi, mshahara ulipwe na nani, ajira iamuliwe na nani, na hospitali ya rufaa ya mkoa iwe chini ya nani. Majibu yake, kwa maoni yangu, hayafanani.

Kwanza, kwa ufupi, jinsi kila upande ulivyofika hapa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti 47 huduma za afya za kaunti, pamoja na maduka ya dawa ya umma, magari ya wagonjwa na afya ya msingi, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Magavana walichaguliwa Machi 2013, na kufikia Agosti mwaka huohuo huduma zilikuwa zimekabidhiwa, ingawa mpango wa awali ulikuwa kuzikabidhi hatua kwa hatua katika miaka mitatu. Tanzania ilipita njia nyingine. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za 1982, na tangu hapo madaraka yamekuwa yakipelekwa chini kwa maamuzi ya serikali kuu badala ya kwa kifungu cha Katiba kinachozigawia halmashauri majukumu na fedha. Wizara ya Afya hutunga sera na miongozo. TAMISEMI, ofisi inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, husimamia halmashauri, ambazo ndizo zenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Ninayoyasema hapa yanahusu Tanzania Bara tu, kwa kuwa afya si jambo la Muungano na Zanzibar ina wizara yake.

Safari ya shilingi hadi zahanati

Hapa ndipo penye funzo kubwa, na ndipo Mkinga inapoizidi Kwale.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao ulianza mwaka 1999 kwa michango ya washirika wa maendeleo, hazipiti tena katika akaunti ya halmashauri ili zigawanywe huko. Zinakwenda moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo, ikiwemo zahanati ya kijijini. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo huandaa mpango wao, unaingizwa katika mpango wa afya wa halmashauri, na matumizi yanaandikwa katika mfumo wa kihasibu ambao wilaya na mkoa wanaweza kuuona. Kabla ya hapo, zahanati iliyohitaji kutengeneza mlango ulioharibika iliandika barua wilayani na kusubiri. Sasa kamati inakaa, inaidhinisha, na fundi analipwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba Pwani ya Kenya ilikuwa imeujua utaratibu huu zaidi ya miaka kumi kabla. Mwaka 2004 Kenya ilipunguza ada za wagonjwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na vituo vikabaki bila fedha za kununulia hata sabuni. Mwaka 2005, katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, ulianzishwa mpango wa majaribio kwa msaada wa Denmark wa kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, Kwale ikiwemo. Mpango ule ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba mwaka 2010 serikali ilianza kuueneza nchi nzima kupitia mfuko maalumu wa huduma za afya. Kisha ukaja ugatuzi, yaani kukabidhiwa kwa kaunti huduma hizo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka fedha zote zinazopokelewa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Katika kaunti nyingi akaunti za zahanati zikakauka, na mganga aliyezoea kuamua na kamati yake akarudi kuwa mwombaji, safari hii akiomba makao makuu ya kaunti badala ya Nairobi. Mwaka uleule wa 2013 ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa na kujifungua kukafanywa bure, jambo jema kwa akina mama, lakini fidia ya ada hizo ikawa inapita katika njia ileile ndefu.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya zahanati moja ya pwani, upande wa Kenya, katika miaka hiyo. Mtungi wa gesi wa jokofu la chanjo uliisha siku ya Alhamisi. Fedha tulizolipwa kwa ajili ya akina mama waliojifungulia kwetu zilikuwepo, tena zilitosha mitungi mingi, lakini zilikuwa zimeingia katika akaunti kuu, na kuzitoa kulihitaji sahihi za watu ambao hawakuwa hata wamesikia jina la kijiji chetu. Chanjo zilihamishwa kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu hadi kituo kingine, na siku ya kliniki akina mama kumi na zaidi walirudi nyumbani na watoto wasiochanjwa. Sikumlaumu mtu wakati ule na simlaumu sasa. Kila ofisa alifuata sheria kama alivyoikuta.

Sheria ya 2023 inayoruhusu vituo vya umma nchini Kenya kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia imefungua tena mlango huo, na sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya bima ya afya ya jamii, imeanzisha mfuko wa afya ya msingi unaokusudiwa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa hiyo mtu wa Kwale anayechagua leo halazimiki kuchagua kati ya kaunti na Nairobi. Anaweza kudai kaunti ibaki na mamlaka yake na papo hapo zahanati irudishiwe akaunti yake.

Njia ya Tanzania nayo ina udhaifu wake, na anayeitaka aupokee pamoja nayo. Sehemu kubwa ya mfuko ule inatoka kwa wafadhili, na mfadhili anapochelewa au kuondoka, akaunti iliyo karibu na mgonjwa haisaidii kitu. Kazi ya hesabu nayo imemwangukia muuguzi aliye peke yake zamu nzima, ambaye hakusomea uhasibu. Vituo vya afya vingi vilipata wahasibu wasaidizi, lakini zahanati hazikupata.

Mshahara

Hapa ulinganisho ni mfupi kwa kuwa jibu liko wazi. Mshahara wa muuguzi wa Mkinga hauguswi na makusanyo ya ushuru ya halmashauri yake, wala na mvutano wa madiwani. Wilaya maskini na jiji tajiri hulipa kwa viwango vilevile na karibu siku ileile.

Nchini Kenya mshahara wa kaunti unategemea mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, nao unategemea Bunge la Taifa na Seneti kukubaliana. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi juu ya kanuni ya kugawa fedha, hadi magavana wakatangaza mwezi Septemba kwamba wanasitisha shughuli. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kutokana na maandamano ya Juni, mgao wa kaunti ulipunguzwa kutoka takriban Sh400 bilioni hadi Sh387 bilioni, na mjadala ukaendelea mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza. Katika mwaka wa 2025/26 mgao ulikuwa Sh415 bilioni. Fedha hizo si haba, na kila upande katika mvutano ule una hoja zake, lakini muuguzi hawezi kumweleza mwenye nyumba kwamba kodi itasubiri Seneti.

Migomo inaonyesha tatizo lilelile kwa ukubwa zaidi. Madaktari wa umma nchini Kenya waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa makubaliano ya 2013 ya mishahara na masharti ya kazi. Wauguzi wakafuata mwaka huohuo kwa takriban miezi mitano. Na mwaka 2024 madaktari wakagoma tena kwa siku 56. Makubaliano ya 2013 yalikuwa yametiwa saini na serikali ya kitaifa wakati ambapo mwajiri mpya alikuwa anakaribia kuwa kaunti, na kaunti zikasema hazikuwa katika kikao kile. Panapokuwa na waajiri 47, kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba hakuahidi yeye. Tanzania nayo ilipata mgomo mkubwa wa madaktari mwaka 2012, ila hapakuwa na shaka mwajiri ni nani na nani anapaswa kuketi mezani.

Kwa hili, basi, mimi ni wa upande wa Mkinga: fedha za mishahara zilindwe na zitoke juu, au angalau zitengwe kisheria ndani ya mgao ili zisiguswe na jambo lingine.

Nani aajiri

Hapa mambo yanageuka, na wanaotaka tume ya kitaifa nchini Kenya wanapaswa kupatazama kwa makini kabla hawajapiga kura.

Halmashauri ya Tanzania inaijua ikama yake, yaani idadi ya watumishi inaowahitaji, inajua zahanati ipi ina muuguzi mmoja, na inajua kijana gani wa kijijini amemaliza chuo na yuko tayari kufanya kazi nyumbani. Haiwezi kumwajiri mpaka kibali kitoke. Vibali vikitoka, waombaji wa nchi nzima wanapangiwa vituo, na wapo wanaopangiwa mahali wasipopajua. Wengine hawaripoti, wengine wanaripoti na kuanza kutafuta uhamisho kabla hawajamaliza mwaka. Udhaifu wa mfumo huu ulionekana mwaka 2016, serikali iliposimamisha ajira mpya ili ihakiki orodha ya mishahara. Uhakiki wenyewe ulikuwa na sababu: watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa bila kuwa na mtu kazini, walizidi 10,000, na Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini kufuli lilikuwa moja kwa nchi nzima, na hata wilaya yenye hesabu safi ilifungiwa nje. Wakati huohuo wananchi walikuwa wakijenga zahanati kwa nguvu zao, wakifuata sera ya mwaka 2007 ya kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengine yakakaa bila mtu wa kuyafungua asubuhi.

Kaunti ya Kenya iliyodhamiria haina sababu ya kusubiri hivyo. Bodi yake inatangaza nafasi, inasaili na kuajiri. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango wake wa afya ambapo kaya ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na isingewezekana kuuendesha kama kila tabibu na kila muuguzi angetegemea kibali kutoka mji mkuu. Uwezo huu wa kuona pengo na kuliziba ndilo jambo ambalo ugatuzi umelifanya vizuri kuliko mengine yote, na mimi nisingeliuza.

Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni ukabila na kupendelea ndugu katika ajira. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zitolewe kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti hiyo. Sheria ni nzuri, ila inahitaji mtu wa kuifuatilia, na vikao vya bajeti ni mahali pazuri pa kuuliza takwimu zake. Ya pili ni kwamba mhudumu anakwama. Muuguzi wa Kwale aliyeolewa Nakuru hawezi kuhama kama zamani, kwa kuwa kaunti moja haina wajibu wa kumpokea mtumishi wa nyingine, na mara nyingi huanza upya kwa cheo na kwa miaka ya pensheni. Nchini Tanzania uhamisho una taratibu zake na ucheleweshaji wake, lakini mtumishi akihama anahama na cheo chake.

Pande zote mbili zina aina ya tatu ya wahudumu ambayo ulinganisho mwingi huisahau, nayo ni watu wa mkataba. Kenya iliajiri maelfu yao mwaka 2020 kwa ajili ya mpango wa afya kwa wote, na miaka mitano baadaye bado walikuwa wakiandamana Nairobi huku serikali ya kitaifa na za kaunti zikibishana nani awachukue na kwa fedha zipi. Katika kliniki za VVU za nchi zote mbili, wengi walilipwa kwa fedha za Marekani. Fedha hizo ziliposimamishwa ghafla Januari 2025, watu waliokuwa wakiwafahamu wagonjwa kwa majina walirudi nyumbani ndani ya siku chache. Yeyote anayechagua mfumo aulize kwanza wangapi kati ya wahudumu anaowahesabu ni wa kudumu.

Hospitali ya rufaa ya mkoa

Mgonjwa wa Kwale aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya Msambweni, kisha Mombasa, katika hospitali kuu ya Pwani. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa wa kaunti zote sita za pwani, lakini ni ya Kaunti ya Mombasa. Zamani serikali ya kitaifa ilitoa ruzuku yenye masharti kwa hospitali 11 za aina hii, kama Sh4.3 bilioni kwa mwaka, zikiwemo za Kakamega, Nyeri, Garissa na Nakuru. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 ruzuku hiyo iliunganishwa na mgao wa jumla, na gavana akawa huru kuipeleka atakako. Naona hilo lilikuwa kosa. Bunge la kaunti linawajibika kwa wapigakura wake. Ni vigumu kulitaka litenge fedha za wodi ambayo imejaa wagonjwa wa jirani. Mwaka 2025 hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu ilipandishwa kuwa ya kitaifa, na njia hiyo inaipunguzia kaunti mzigo, ila haiwezi kufuatwa na zote.

Upande wa Tanga, hospitali ya Bombo iko chini ya Wizara ya Afya, kama hospitali nyingine za rufaa za mikoa, baada ya Rais John Magufuli kuagiza mwishoni mwa 2017 ziondolewe TAMISEMI. Sasa madaktari bingwa, vifaa na bajeti vina mwenyewe mmoja, na mgonjwa wa Mkinga hana tofauti na wa Lushoto, wilaya nyingine ya Tanga. Kilichopotea ni ukaribu kati ya hospitali na wilaya zinazoiletea wagonjwa, kwa kuwa Mganga Mkuu wa Mkoa, anayesimamia halmashauri, yuko katika sekretarieti ya mkoa chini ya TAMISEMI, na hospitali iliyo hatua chache kutoka ofisini kwake inaripoti wizara nyingine. Hata hivyo, kati ya hospitali isiyo na bajeti ya uhakika na hospitali yenye wakubwa wawili wa kupatanishwa, ningechukua ya pili.

Kwa anayekwenda kikaoni

Ukiwa Kwale, au kaunti yoyote ya Kenya, usiombe afya irudi Nairobi. Omba mambo matatu: kila zahanati iwe na akaunti inayotumika kwa sheria ya 2023, na taarifa yake ibandikwe mlangoni, fedha za mishahara ya afya zitengwe kabla ya miradi, na maseneta wenu warudishe ruzuku ya hospitali za rufaa yenye masharti. Suala la uhamisho na pensheni linaweza kutatuliwa kwa makubaliano ya kaunti zenyewe chini ya viwango vya kitaifa, bila kuunda tume inayochukua mamlaka ya kuajiri.

Ukiwa Mkinga, au halmashauri nyingine, usiombe mshahara utoke halmashauri. Omba kibali chenye idadi na muda wa mwisho, ambapo halmashauri yenye nafasi wazi na hesabu zilizohakikiwa inasaili yenyewe na Hazina inalipa. Omba pia mhasibu mmoja wa kuzungukia zahanati nne au tano, ili muuguzi arudi kwenye wodi.

Na ukiwa mhitimu mwenye cheti mkononi, unayetaka kujua utapata wapi kazi mapema, kaunti zina milango mingi zaidi ya kubisha. Ukitaka mshahara usiokatika na nafasi ya kuhama siku ya kuolewa au ya kuuguza mzazi, upande wa Tanzania umejipanga vizuri zaidi. Soma barua ya ajira mpaka mwisho, uone kama imeandikwa ya kudumu au ya mkataba, na fedha za mkataba huo zinatoka wapi.